Kwa Nini Tawi Bichi Hulazwa Njiapanda

Msitu huu wa kando ya ziwa ulikuwa ukipukutisha majani yake mwishoni mwa kipupwe hata kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Lakini watu wa siku hizo hawakupita humo kama tunavyopita sisi. Mtu aliyepanda mlimani kwenda kwenye maporomoko ya maji aliburuta tawi la majani nyuma yake ili kufuta nyayo zake. Kila ukoo ulikuwa na kitu chake mlimani: hawa mizinga ya nyuki, wale mizizi ya dawa, wengine mawe ya kunolea. Ukimwuliza mtu ametoka wapi alikujibu, "Huko." Ukimwuliza huko ni wapi, alikutazama kama unayetaka kumwibia. Mguu wa mtu ulikuwa siri yake, na aliyepotea alipotea.

Siku hizo aliishi mfinyanzi mmoja, jina lake Tusekile, mke wa Kajela. Vyungu vya pwani ile ya ziwa vilifinyangwa na wanawake wa koo zote, ila udongo mwekundu wa kuvipaka ulijulikana na ukoo mmoja tu, ukoo wa mumewe. Tena si ukoo mzima. Aliyeijua njia ni mzaliwa wa kwanza peke yake, naye wakati ule alikuwa Ndwanga, kaka yake Kajela. Udongo ule ulikuwa juu kabisa, kwenye poromoko la tatu, na Ndwanga aliugawa kwa yeyote aliyemtaka na kumnyima yeyote aliyemtaka.

Asubuhi moja majani yakiwa yamejaa chini, Kajela alimfuata kaka yake mlimani, kila mmoja na kikapu chake. Jioni Ndwanga alirudi peke yake. Kikapu chake kilikuwa kimejaa udongo, na cha Kajela, kitupu, kilikuwa kimefunikwa juu yake.

"Yuko wapi mume wangu?" Tusekile aliuliza.

"Alibaki nyuma. Niliporudi njiapanda nilikuta kikapu tu."

Wanaume walitoka kumtafuta siku mbili, Ndwanga akiwaongoza. Wakarudi mikono mitupu. Wazee wakasema tusubiri. Wengine walinong'onezana, na Ndwanga alipokaribia, mazungumzo yalikatika.

Tusekile hakulala usingizi wa maana siku zile. Aliyapanga maneno ya shemeji yake moja moja, kama mtu achaguaye mawe kwenye choroko. Kwa nini Kajela, aliyekuwa na hamu kuliko wote ya kuiona njia ile, abaki nyuma? Na kwa nini Ndwanga aliwazungusha watu siku mbili huku chini kwenye vichaka vya ziwani, bila kuwafikisha hata poromoko la kwanza? Alfajiri ya siku ya tatu alikwenda kuchota maji, akamkuta Ndwanga ameketi mlangoni kwake, eti ndiyo kwanza ameamka. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye vifundo, na ulikuwa bado mbichi.

Tusekile akaweka mtungi chini. "Shemeji, nipeleke huko juu."

Alitegemea akatae, kwa maana hapakuwa na mwanamke aliyewahi kupelekwa. Lakini Ndwanga akasema, "Haya. Leo hii. Lakini njoo peke yako, na usimwambie mtu."

Kukubali kule ndiko kulikomtia hofu. Alirudi ndani, akamwambia mama mkwe wake. Yule mama aliendelea kupepeta mtama wake kana kwamba hakusikia. Mwishowe akasema, "Wote wawili nimewazaa mimi. Lakini tumbo halina dirisha, mwanangu, sikuona nilichokuwa nabeba. Nenda ukamtafute mumeo. Ila usimpe huyo mgongo."

Wakaondoka jua likichomoza juu ya maji. Ndwanga alikuwa na panga kiunoni na tawi lake la kuburuta mkononi.

"Tangulia," akamwambia.

"Mimi njia siijui, shemeji. Tangulia wewe."

"Nikitangulia, nani atafuta nyayo?"

Walibishana hapo hadi Ndwanga alipokubali watembee bega kwa bega pale njia ilipokuwa pana, na ilipobana yeye atangulie, akimpa Tusekile tawi aliburute. Tusekile akalipokea. Lakini kila walipoiacha sehemu pana, Ndwanga aligeuka kuhakikisha amefuta vizuri. Hapo Tusekile akajua kwamba hawezi kuacha alama yoyote kwenye njia wanayopita, kwa sababu macho ya yule mtu yalikuwa juu yake daima.

Kwa hiyo akaiacha kwenye njia wasiyopita. Walipofika njiapanda ya kwanza wakashika mkono wa kulia. Tusekile alijifanya anatoa mwiba, akavunja kitawi kibichi, akakilaza kukingama njia ya kushoto. Ndwanga aligeuka akachungulia walikotoka, akaridhika. Njia ya kushoto hakuitazama, maana hakuwa na haja nayo. Njiapanda ya pili akafanya vilevile, na ya tatu pia. Akasema moyoni, huyu akinigeuka nikaweza kumtoroka, nitarudi nyumbani kwa kukwepa matawi yangu.

Msitu ulikuwa mzuri siku ile, na uzuri wenyewe ulimkera. Majani mekundu na ya kahawia yalidondoka polepole hata upepo ulipotulia, na kila moja lililogusa ardhi lilimshtua kama hatua ya mtu. Kupitia matawi yaliyobaki uchi aliliona ziwa chini kabisa, la bluu, na mitumbwi midogo kama maganda ya kunde. Angepiga kelele, nani angemsikia?

Kwenye poromoko la kwanza Ndwanga alikunywa maji, akasimama akisikiliza. La pili, akachomoa panga akalinoa kwenye jiwe.

"Panga la nini?" Tusekile aliuliza, akiwa amesimama mbali.

"Chui."

Kisha akaingia kichakani, akatoka na kibuyu. Tusekile akakitambua mara moja, kwani ugwe wake aliusokota yeye mwenyewe. Kilikuwa cha Kajela.

Akaokota jiwe. "Kibuyu cha mume wangu kimefikaje humo? Sema, Ndwanga. Sema hapohapo ulipo, usisogee."

Ndwanga akalitazama jiwe, akalitazama panga lake, na kwa mara ya kwanza siku ile akaketi chini.

"Nilikiokota juzi usiku, nikakificha watu wasije wakaniuliza," akasema. "Sikumuua, shemeji. Lakini nilimpoteza kwa makusudi. Alisema akishaiona njia atakuonyesha wewe, na wewe utawaonyesha wafinyanzi wote. Basi nikamtangulia njiapanda, nikafuta nyayo zangu, nikajificha. Nilitaka aogope kidogo, arudi nyumbani. Nilimsikia akiniita. Akaita, akaita, nami nimekaa kimya kama jiwe hili. Niliporudi hayupo, na majani yameshafunika kila kitu."

"Na siku mbili zile ukatuzungusha huku chini!"

"Niliona haya. Nimekuwa nikipanda peke yangu kila usiku. Jana nilisikia mtu akikohoa kule poromoko la tatu. Nikaita, kikohozi kikanyamaza. Yu hai, Tusekile. Ananikimbia mimi. Nikiita mimi hataitika, ndiyo maana nimekuleta."

Tusekile hakujua la kuamini. Muuaji naye angeweza kusema hivyohivyo, amfikishe palipo na shimo. Lakini kile kikohozi kilimwingia moyoni, kwa maana Kajela tangu utoto alikuwa na kifua.

"Tupa panga majini," akasema.

"Na chui?"

"Chui sijamwona. Panga naliona."

Ndwanga akalirusha. Likazama katika maji ya poromoko la pili.

Poromoko la tatu linaanguka kutoka juu sana, na mvumo wake hula sauti ya mtu aliye mbali. Tusekile alimwamuru Ndwanga akae nyuma ya mti, akasogea hadi rasharasha za maji zikamlowesha. Akaita, "Kajela! Ni mimi, Tusekile!" Maji yakavuma. Akaita mara ya pili, mara ya tatu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia la maji, dhaifu. "Uko na nani?"

Wanangu, mwanamke yule angeweza kusema uongo. Akasema, "Niko na kaka yako. Hana panga. Mimi nina jiwe."

Kisha Kajela akatambaa kutoka kwenye upenyo wa mwamba, midomo imepasuka kwa baridi, kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Alikuwa ameteleza siku ileile alipoufuata mvumo wa maji akidhani kaka yake yuko mbele. Aliishi kwa masuku, matunda ya porini yaliyoanguka, na kwa maji. Usiku aliposikia jina lake likiitwa na Ndwanga, alidhani amekuja kummaliza, akajifinya ndani zaidi.

Ndwanga alikuja akapiga magoti, akageuza mgongo ili ambebe. Kajela akakataa. Akaegemea bega la mkewe, wakaanza kushuka hatua kwa hatua, naye Ndwanga akatangulia. Mchana ule upepo wa ziwani ulipanda mlimani kwa nguvu, na msitu wote ukamwaga majani kwa pamoja. Walipofika njiapanda, Ndwanga alisimama. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Njia aliyoipita tangu ujana wake, aliyoifuta kwa bidii miaka yote ile, ilikuwa imefutika hata kwake.

"Nadhani ni huku," akasema.

"Anatupoteza tena," Kajela akanong'ona.

Tusekile akainama, akapekua majani makavu kwa mguu mpaka akaona kijani. "Siyo huku," akasema. "Huku kuna tawi langu. Twende kule."

Ndwanga akalitazama lile tawi, akaelewa lililazwa kwa ajili ya nani. "Hukuniamini tangu asubuhi."

"Tangu siku ya kwanza."

"Ulifanya vyema," akasema, akalirudisha tawi mahali pake kwa mikono yake.

Walifika nyumbani jua likizama. Mguu wa Kajela ulipona ukiwa umepinda. Hakumshtaki kaka yake kwa wazee, lakini mwaka mzima hakula chakula nyumbani kwake, wala hakunywa maji aliyochotewa na watu wa nyumba ile. Msimu uliofuata Ndwanga alikuja mwenyewe, akasimama uani, akasema anapanda kuchukua udongo, na yeyote anayetaka na aje. Kajela alichukua kikapu. Alitembea nyuma sana, mahali mkono wa mtu usipoweza kufika. Ndwanga hakuburuta kitu. Kila njiapanda alivunja kitawi kibichi, akakilaza kwenye njia asiyopita, ili anayekuja nyuma asipate shaka. Alifanya hivyo msimu baada ya msimu, hata Kajela alipokwisha kuijua njia kuliko yeye, hata walipokuwa wazee wawili wanaopanda kwa fimbo, wakipumzika kwenye jiwe moja.

Wafinyanzi waliowafuata wakaona, wakaiga, na warina asali wakaiga kwa wafinyanzi. Tangu majira yale hakuna anayeburuta tawi katika msitu huu. Ukikuta njiapanda tawi bichi limelazwa, usiliruke na usiliondoe. Shika njia nyingine. Kuna mtu mbele yako, na hajakuficha.