Mkataa Chandarua Hakatai Sanda

Ijumaa, tarehe 8 Machi. Asubuhi ya leo mvua ilinyesha huku jua likiwaka, na mashamba ya mpunga yakafuka kama chungu kilichofunuliwa.

Vijana wa kwaya waliotoka milimani kwetu walikuwa wamelala kwangu, hapa bondeni. Mmoja wao, Obedi, alikifungua chandarua chake akisema kinamtoa jasho. Jirani akamcheka kutoka dirishani: "Haya, baba! Mkataa chandarua hakatai sanda."

Wakanigeukia. "Bibi, mbona maneno mazito hivyo? Yametoka wapi?"

Nikawaambia wakae, kwa kuwa methali hiyo ilizaliwa katika nyumba hii hii, na chanzo chake ni baba yangu mzazi, Zakaria Tweve.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, baba alishuka kutoka milimani kuja kumwona mjukuu. Kwao kuna baridi, na mbu alikuwa akimsikia kwa jina tu. Mama mkwe wangu, Domitila, alimwandalia chumba kizuri na kutundika chandarua kipya, cheupe kabisa.

Baba alipofungua mlango, alishtuka akarudi nyuma. Kijijini kwetu enzi hizo, kitambaa cheupe kilitundikwa juu ya kitanda cha mtu mmoja tu, naye ni marehemu anayesubiri kuzikwa. Baba hakusema neno, maana mgeni hamkosoi mwenyeji. Alisali, akakifungua taratibu, akakikunja, akakifanya mto.

Sisi hatukujua. Mkwe haingii chumbani kwa mkwewe, kwa hiyo mume wangu Kasiani aliishia mlangoni kila asubuhi.

"Shikamoo, baba. Mmelala salama?"

"Marahaba, mwanangu. Salama kabisa."

Mimi nilikuwa ndani na kichanga, nikiamini hayo hayo. Tuliona vipele mikononi mwake, naye akasema ni joto.

Majuma yakapita. Asubuhi moja Kasiani aliamkia mlangoni, asijibiwe. Akaamkia tena. Akasikia kitanda kikigonga ukuta. Hata hapo aliogopa kuingia, akakimbia kuniita mimi.

Ee Mungu wangu! Nilimkuta baba anatetemeka mpaka meno yanagongana, mwili unachoma kama kikaango. Aliniangalia asinitambue, akaniita kwa jina la mama yake aliyekufa zamani. Nilipoinua kichwa chake nikaona chandarua kimekunjwa chini yake. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja.

Domitila aliingia, akakiona.

"Bwana mkwe! Hiki si nilikitundika juu?"

Baba akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, mlinilaza kama maiti. Nikakataa."

Domitila alishika kichwa. "Umekataa chandarua! Haya, na sanda nayo utaikataaje? Sanda haimwulizi mtu!"

Hakuna aliyecheka. Tulimbeba kwa machela ya kitanda cha kamba mpaka zahanati. Mganga alimpima damu, akasema malaria imeshapanda kichwani, na kama tungengoja jua lizame, tungekuja kuchukua mwili tu. Nikakaa chini sakafuni. Kutundika kitambaa tulijua. Kumweleza mgeni kazi yake hakuna aliyekumbuka.

Walimtundikia dripu ya kwinini. Tulisali nje ya dirisha, Domitila kwa rozari yake na mimi kwa nyimbo za kwetu. Bwana alitusikia. Baba alifumbua macho akaomba uji, na alipouonja akauliza kwa nini hauna chumvi. Hapo ndipo Kasiani alipolia.

Siku aliyorudishwa nyumbani, majirani walijaa uani. Baba alikataa kiti. Alisimama akiegemea fimbo, akamwita Kasiani asogee karibu, jambo ambalo wakwe hawakuwa wakifanya.

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote," alisema, "naahidi kwamba popote penye mbu nitakapolala, nitalala ndani ya chandarua, nikiwa hai. Na wewe Kasiani, ukiniamkia nisiitike, ingia. Ukikikuta nimekifungua, kitundike mwenyewe. Sitakuita mkosa adabu, maana sasa najua: mkataa chandarua hakatai sanda."