Sauti ya Bwana Shekimweri

Wezi wa mtandaoni walizoa majina, picha za vitambulisho na namba za siri za wateja wa Bwana Shekimweri, mwenye kampuni ya simu. Yeye hakumwambia mteja hata mmoja. Uvumi ulipoanza kutambaa, alimfuata Siwatu, mwanamke mwenye gari la matangazo, kwenye chumba chake cha kurekodia nyuma ya soko.

“Zunguka mji mzima useme hakuna kilichoibwa,” akaamuru.

“Sauti yangu wameizoea kwenye matangazo ya sabuni, bosi. Yako ndiyo wataiamini.”

Kichwa kikamvimba Shekimweri. Siwatu akafunga mlango mzito usiopitisha kelele, akamketisha mbele ya kipaza sauti.

“Ongea kidogo nipime sauti. Mathalani, faili lako la hospitali limeibwa, na daktari kanyamaza.”

“Nitamburuza mahakamani. Siri ni yangu, si yake. Alipaswa aniambie siku ileile.”

“Na wateja wako je?”

Shekimweri akacheka. “Wale? Wezi wamebeba kila kitu chao. Nikiwaambia, watanihama wote. Asiyejua halalamiki.”

“Sauti imekaa vizuri.”

“Basi tuanze kurekodi.”

“Hatukuwa na haja ya kurekodi, bosi. Gari langu liko sokoni tangu asubuhi, na hicho kipaza sauti kimeunganishwa na spika zake.”

Akafungua mlango. Makelele yakaingia kama mafuriko.

“Wateja wako hao. Wanasema umechelewa, maana wewe mwenyewe umesema siku ileile.”