Mkono wa Amani

Sogeeni, ndugu zangu, niwasimulie. Mchawi alilipatia zimwi moja muda wa Jumapili tatu: lisijitaje jina, na lisiposhikwa mkono na mtu, life.

Likaingia kanisani, likaketi kando ya Mama Nanjala, mjane aliyemwombea mwanawe aliyepotea. Watu wakapeana mkono wa amani, wakiliruka zimwi. Likamnyooshea mama mkono.

“Amani, mama.”

“Ondoa makucha yako hapa!”

Jumapili ya pili likanyoosha mkono tena. Mama akaficha mikono ndani ya kanga.

Ya tatu likalia: “Amani, mama. Leo ni mwisho.”

Akageukia ukutani. Likaanguka. Manyoya yakapukutika, akabaki Simiyu, mwanawe, amekufa.

Mama akaushika mkono ule. “Amani, mwanangu. Amani, baba.”

Ulikuwa umeshapoa.

Hapo ndipo sauti yangu inaponiishia.