Dari Aliyoiogopa Shekuwe

"Dari aiogopayo fundi, usimlaze mwanao." Mmeisikia leo mkacheka, mkadhani anasimangwa mwoga. Haya, kaeni niwaambie ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Enzi za mababu wa babu zangu, Lamu kulikuwa na mwashi kijana aitwaye Shekuwe. Kujenga alijua, tena kupita umri wake. Kutulia ndiko hakukujua. Vyumba vya mji vilimkera kwa wembamba. Upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti moja ya mkoko, basi, na mafundi wote waliridhika. Yeye hakuridhika. Hata akila, mkono mmoja ulikuwa kwenye sahani, mwingine unachora kuta mchangani.

Bwana Madi alipotaka kumjengea nyumba binti yake Tima, kama ilivyo ada binti akiolewa, Shekuwe akamwahidi ukumbi ambao mji haujauona. Akaunganisha boriti mbilimbili, ncha kwa ncha, kwa kamba na misumari, juu akapanga mawe na kushindilia chokaa. Mafundi wazee wakaguna. Yeye akasema huo ni wivu tu.

Ikabaki desturi moja. Siku ya kuondoa miega, yaani yale magogo yanayoishikilia dari mpaka chokaa ikauke, fundi hutandika mkeka akalala chini yake. Hiyo ndiyo dhamana yake. Harusi ilikuwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi Shekuwe akalala, macho juu. Mwega wa kwanza ukatoka, vumbi likamdondokea usoni. Wengine hawakujali, maana vumbi si kitu. Lakini yeye ndiye aliyezifunga zile kamba.

Akainuka, akatoka mpaka mlangoni.

"Umesahau nini, fundi?" Bwana Madi akauliza.

"Sikusahau kitu."

"Basi rudi ulale."

Alitamani kurudi. Kwa kiburi alichokuwa nacho, heri kufa kuliko kuchekwa. Lakini je, ikishika leo, ikaanguka kesho?

"Siwezi, bwana. Naiogopa."

"Waniambia leo, wageni wamekwisha fika? Nitamlaza mtu mwingine."

"Usimlaze mtu. Na Tima usimlaze. Mimi niliyeijenga naiogopa."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Madi hakucheka. Akaamuru miega ivutwe kwa kamba kutoka nje. Haikwisha hata nusu, dari nzima ikaja chini, mkeka usionekane.

Shekuwe hakupewa nyumba nyingine ya kujenga maisha yake yote, na wakati huo ndevu zilikuwa hazijamjaa. Hata Bwana Madi hakumpa. Ila mwaka uliofuata, walipomcheka kijana wa watu mbele yake, aliwakatiza.

"Nichekeni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyetaka kumlaza mtu pale ili harusi isichelewe." Kisha akawaonyesha Tima, amempakata mwanawe, akasema, "Dari aiogopayo fundi, usimlaze mwanao."