Mbao za Kuazima

Wametusimulia waliotutangulia katika kheri kwamba zamani, katika mji mmoja wa Yemen, alikuwako mwanamke mcha Mungu, Bibi Umaima binti Shaddad, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa akisomesha watoto wa mtaa wa watengeneza ngozi. Chuo chake kilikuwa ukumbi mmoja wenye mkeka uliochakaa, na harufu ya ngozi ndiyo iliyokuwa udi wao.

Mji ule ulikuwa na wakfu wa mashamba ya mitende, na mapato yake yalikuwa ya vyuo vyote: nafaka ya walimu, mikeka, wino na mbao za kuandikia. Msimamizi wake, Shekhe Maimun, alikuwa mtu wa ibada asiyegusa hata tende moja isiyo yake. Kila mwaka alipita vyuoni akihesabu mbao, na kila chuo kikapata fungu kwa kadiri ya mbao zake. Kwake hiyo ndiyo insafu, maana kila mtoto si ana ubao wake?

Lakini katika mtaa wa wafanyabiashara kila mtoto alikuwa na mbao mbili. Mmoja ukikauka baada ya kuoshwa, mwingine unaandikwa. Kwa Bibi Umaima watoto wawili walitumia ubao mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Basi kule mmoja akahesabiwa wawili, huku wawili wakahesabiwa mmoja. Mbao zilipovunjika hapakuwa na cha kununulia nyingine, na fungu likazidi kupungua. Mwaka ule Bibi alijua kwamba likishuka tena chuo kitafungwa, na watoto watarudi kukanyaga ngozi kwenye mashimo ya chokaa.

Jirani yake Bi Ghaniya, mke wa seremala, akamletea mbao mpya za dukani kwa mumewe, kazifunga kwa shuka.

"Zipange tu ukutani, shoga yangu. Ubao hauna mdomo wa kusema ni wa nani."

"Huo si uongo, Ghaniya?"

"Uongo ni kusema. Wewe nyamaza."

Bibi Umaima akazipokea. Waja wema nao ni wanadamu. Shetani akiukuta mlango wa tamaa umefungwa, hupitia wa huruma.

Shekhe Maimun alipokuja akahesabu, akafurahi, akasema chuo kimeneemeka na fungu litakuwa kubwa. Kabla ya kuondoka akataka kusikia kisomo, apate baraka. Akasimama binti mmoja, Nusaiba, akasoma sura ya Tabaraka kwa sauti nzuri, kisha katikati akanyamaza.

"Endelea, mwanangu."

"Hapo ndipo mwisho wangu, babu. Panapofuata ni pa Harith, yeye ana upande wa pili."

Watoto wenzake hawakucheka, kwa kuwa kwao ndivyo sura zilivyo. Shekhe akanyoosha mkono ukutani, akasema kwamba kwa mbao zote zile, mtoto asiyejua nusu ya sura ni mvivu, na dawa yake ni fimbo.

Nusaiba akamtazama mwalimu wake. Bibi Umaima aliona wazi kwamba hata neno halikuhitajika. Kunyamaza tu kungekiokoa chuo, na mzigo ungebaki juu ya kichwa cha mtoto.

"Mtoto hana kosa, Shekhe," akasema. "Mbao hizo ni za kuazima. Nimezipanga nikudanganye. Ukinitoa chuoni ni haki yako, ila fimbo isimguse."

Shekhe akamwinamia Nusaiba, akamuuliza taratibu namna wanavyoandika, naye akamweleza yote, hata kwamba Harith hajui mwanzo wa sura yoyote. Mzee akakaa chini mkekani.

"Wewe, Bibi, umenidanganya leo kwa mbao za watu," akasema. "Mimi nimewadhulumu hawa miaka yote kwa mbao za kweli, na nikilala nalala nikijiona mwadilifu. Rudisha za wenyewe. Kisha watoe watoto nje, niwaone nyuso."

Tangu hapo wakfu ukagawiwa kwa vichwa vya watoto, na waliopungukiwa wakatangulizwa mpaka wakawafikia wenzao. Tajiri mmoja akaja kunung'unika kwamba mwanawe amepunjwa. Shekhe akamuuliza, "Kwani mwanao anaandika kwa mikono mingapi?"

Ndugu zangu, Bibi yule alitubu uongo ambao hata hakuutamka. Wengi wetu twagawa kwa mkono safi na jicho lililofumbwa, tukajihesabia thawabu. Mola atuonyeshe nyuso tunazozipita tukihesabu vitu.