Pipa Lililobaki

Hapo zamani, na kaeni vizuri maana kisa hiki bado kinanichoma, palikuwa na kisiwa kiitwacho Chamwe. Chamwe ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji ya kunywa. Visima vyake vilikuwa vya chumvi, na watu wake waliishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga ndani ya jabia, lile birika kubwa la mawe ubavuni mwa msikiti. Mlinzi wa jabia alikuwa mwanamke mjane, jina lake Shekuwe. Ufunguo ulikuwa wake, na kata ya kugawia maji ilikuwa yake. Asipotia mkono yeye, hanywi mtu.

Mwaka huo vuli ilikuja ikapita bila tone. Kusi ikafa, kaskazi changa ikaanza kupuliza, na jabia ikabaki tope. Nyumbani kwa Shekuwe palikuwa na mzazi, binti yake Mwanakombo, aliyejifungua juzijuzi. Maziwa yalimkauka kifuani kwa kiu, na kitoto kikilia mpaka sauti inakatika. Shekuwe akasema basi, maji yatafuatwa, naye mwenyewe atakwenda.

Chombo kilikuwa cha Lali, tajiri wa pale, na tumpe haki yake: alikitoa bure, naye mwenyewe akaingia safarini. Nahodha alikuwa Bunu, shemeji yake Shekuwe, ndugu wa marehemu mumewe. Mbele kabisa, omoni, akakaa Famau, mshika pondo. Wakapanda kaskazini hadi bara, kwenye visima vitamu, wakajaza mapipa manne ya maji. Kisha wakageuza kurudi kusini, wanapita ule mlango mwembamba wa bahari ulio kati ya mikoko, upepo mzuri nyuma yao.

Sasa sikilizeni desturi ya mlango ule, maana bila hiyo hamtaelewa kitu, halafu mtanilaumu mimi. Mafungu ya mchanga pale yanahama. Leo pana maji, kesho pana mchanga. Kwa hiyo mshika pondo huchoma mti wake majini na kutangaza kina kwa mwili wa mtu: kifua, kiuno, goti. Nahodha, kule nyuma kwenye usukani, humjibu kwa neno lilelile ili ijulikane amesikia. Asipojibu, mshika pondo hutangaza mara ya pili, na ya tatu. Ya nne hatangazi. Kutangaza mara ya nne ni kumwambia nahodha kiziwi, na watu walishatoana damu kwa hilo. Na abiria? Abiria habebi mwito. Akifungua mdomo juu ya kina cha maji mle ndani, husemwa analiita fungu.

Desturi nzuri hiyo, siku watu wana akili.

Katikati ya mlango wakaikuta mashua ya kisiwa jirani, nayo inakwenda kusini. Vijana wake wakawauliza watu wa Chamwe kama siku hizi wanakunywa machozi. Wakacheka. Bunu hakuweza kuvumilia kejeli hata siku moja maishani mwake. Akaachia tanga lote, kaskazi ikajaa, akawa anawapita huku anawarudishia matusi ambayo siyasemi, hapa wamo watoto.

Omoni Famau akachoma pondo. "Kiuno!"

Bunu anatukana.

"Kiuno!"

Bunu anatukana bado, tena kasimama.

"Goti, nahodha!"

Hakuna jibu. Basi Famau akaipakata pondo yake mapajani na kutazama mbele kama mtu aliyesusa karamu. Shekuwe alikuwa ameketi katikati, kando ya mapipa. Alisikia ya kwanza, akasikia ya pili, akasikia ya tatu. Ulimi ulimwasha, akaubana kwa meno. Alimtazama Bunu na kichwa chake kile kikubwa, akasema moyoni, huyu hatasikia? Huyu hatasikia kweli? Chombo kikapanda fungu, kikagota, na wote wanne wakaenda kifudifudi. Ile mashua ya jirani ikawapita polepole, na safari hii hawakusema neno, walipunga mikono tu.

Bunu akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema maji yanakupwa. Wakikaa pale chombo kitalala ubavu, na kila kilichomo kitapotea. Lazima uzito upungue. Shekuwe akashangaa, uzito gani? Mapipa manne hayawezi kukizamisha chombo kama kile mpaka kiguse mchanga. Hapo Lali akaanza kujikuna shingo. Akafunua makuti chini ya mapipa, na Shekuwe akaona magunia. Ilikuwa chokaa ya kujengea ghorofa yake Lali, imejaa mpaka kwenye mbao za chini. Aliipakia bara kwa siri, wenzake wakiwa bado visimani. Sasa haitoki mpaka mapipa yaliyo juu yake yatoke kwanza, na pipa lililojaa halinyanyuliwi na watu wanne. Tena chokaa mbichi ikilowa huchemka. Chombo kikilala, itawaunguza hai.

"Basi mwageni maji," akasema Lali, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Shekuwe akasimama kati yao na mapipa. Si hofu, ni hasira. Aliona jabia yenye tope, akaona midomo ya Mwanakombo ilivyopasuka. Akawaambia hakuna mwanamume atakayegusa kizibo. Maji yale aliyetumwa ni yeye, na kama ni kumwagwa atayamwaga yeye. Wakaliinamisha pipa la kwanza ukingoni, akang'oa kizibo, na maji matamu yakaingia kwenye maji ya chumvi kana kwamba ni kitu kimoja. Wakaliinamisha la pili. Akang'oa.

Ndipo alipouona mzizi wa mkoko. Palikuwa na chaza kwenye mzizi ule, alimwona tangu walipokwama, mkavu, juu ya maji. Sasa chaza hakuonekana. Maji yalikuwa yanajaa. Bunu alikosea. Wangekaa tu, wangekunja mikono tu, bahari yenyewe ingewainua. Shekuwe akageuka kumtazama Famau, na Famau alikuwa akiitazama pondo yake, pale alama ya maji ilipokuwa ikipanda. Macho yao yakakutana. Famau akayaondoa ya kwake.

Shekuwe akafungua mdomo aseme. Na wakati uleule akamsikia Bunu akimtuliza Lali: "Usijali, bwana. Haya ni maji tu, yatapatikana mengine."

Maji tu.

Jamani, hasira hasara, waliosema hawakukosea. "Kama ni maji tu, shemeji, basi yaende," akasema Shekuwe, na akang'oa kizibo cha pipa la tatu kwa mkono wake mwenyewe. Halijafika nusu, chombo kikatikisika, kikaelea. Bunu akashangilia kwamba dawa imefanya kazi. Pipa lilikuwa bado linabubujika, na kizibo kilikuwa kiganjani mwa Shekuwe. Hakukirudisha.

Wakafika Chamwe na pipa moja. Ufukwe mzima ulikuwa umejaa watu na ndoo zao, na nyuso zao walipoliona pipa lile sitaki kuzisimulia. Sasa, Chamwe wana sheria moja ya zamani kuliko msikiti: aliyemwaga maji ya watu hunywa mwisho, yeye na nyumba yake. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga huzoleka. Na pipa moja kwa kisiwa kizima, anayekunywa mwisho hunywa upepo.

Wakakusanyika kwenye kingo za jabia. Mwanakombo alikuwa mlangoni kwa mama yake, hatua chache tu kutoka pale, kitoto begani, anasikia yote.

Bunu akasema yeye hakusikia mwito. "Kaskazi ilikuwa mgongoni mwangu. Sauti ya omoni inakwenda mbele, hairudi nyuma. Mnanihukumu kwa neno ambalo upepo ulilichukua?" Watu wakamuuliza, na kejeli za mashua iliyokuwa mbele ulizisikiaje? Akasema aliyetukanwa hakuwa Bunu, ilikuwa Chamwe nzima.

Lali akasema chombo ni chake na alikitoa bure. Angekuwa mchoyo, hata hilo pipa moja lisingekuwepo. Chokaa yake haikumwaga tone. Na tena, nani alimuuliza amepakia nini? Mzee mmoja wa kike akamwambia mwivi naye haulizwi.

Famau akasema maneno machache. Alitangaza mara tatu kama wahenga walivyotangaza. Kama desturi ni mbaya, waifute leo, wasimfute yeye. Wakamuuliza: na maji yalipoanza kujaa, hukuona? Famau akainamisha kichwa. Neno moja tu lingemwokoa, aseme kwamba Shekuwe naye aliona. Hakulisema. Alinyamaza vilevile alivyonyamaza omoni, na watu wakaanza kumtazama kama wamekwisha kumpata.

Shekuwe akamtazama yule mtu na kimya chake. Kimya kile ndicho kilichowapandisha kwenye fungu. Kimya kile ndicho kilichomwaga pipa la pili. Sasa kinataka kumfadhili! Angeweza kukiacha. Binti yake alikuwa mlangoni, kitoto hakilii tena, kimechoka kulia. Lakini hasira ikamfungua kinywa.

"Sitaki kufichwa na mtu aliyeshindwa kusema," akasema. "Mwito niliusikia mara zote tatu, nikanyamaza, kwa sababu niliambiwa abiria habebi mwito. Maji niliyaona yanajaa. Pipa la tatu nililimwaga ninajua. Nililimwaga kwa hasira yangu, na kizibo nilikuwa nacho mkononi."

Mwanakombo alisikia. Akaketi chini palepale kizingitini, na mtoto wake.

Haya, nyinyi mnaonikodolea macho. Yupo aliyekataa kusikia, yupo aliyejaza chokaa, yupo aliyesusa na mti wake mapajani, na yupo aliyeng'oa vizibo. Msiniambie wote, maana nyumba ya mwisho ni moja. Na msiniambie mtoto mchanga hahesabiwi, maana sheria inasema yeye na nyumba yake, na mkishaivunja kwa mmoja mtaivunja kwa Lali kesho. Pipa liko pale, limefunguliwa. Kata iko mkononi mwa Shekuwe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kugawa, na watu wa Chamwe wamesimama na vikombe wanangoja kupangwa. Mimi niliwahi kukesha na swali hili nikashindwa, kukapambazuka nimekasirika.

Je, nani anywe mwisho?