Dawa ya Uchovu ya Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiamshwa na kengele ya tajiri kama wanavyoamshwa wazazi wenu, Bwana Kiboko alimiliki tanuri la matofali, kinu cha kukamulia ufuta na posta. Yeye mwenyewe alishinda bwawani, maji yamemfika shingoni, akisimamia.

Punda alibeba matofali, Nyati alizungusha kinu, Njiwa alipeleka barua. Wote walikuwa hoi. Nyati alisinzia huku anatembea, na Njiwa alifikisha kadi ya harusi kwenye msiba.

Msidhani Kiboko hakuwajali. Kila asubuhi aliwafundisha kuvuta pumzi ndefu na kutabasamu, akawakumbusha kwamba wao ni familia moja. Kisha ngo! ngo! ngo! Kengele, kila mtu kazini.

Siku moja Punda alianguka na mzigo wake, puu! Akavishwa utepe wa Mfanyakazi Hodari palepale chini. Kiboko akamweleza kwa upole kwamba akianguka tena atastaafishwa, na atakayemtunza uzeeni ni Fisi. Fisi alikuwa kasimama pembeni, anamkagua mapaja.

Digidigi, aliyeuza kahawa pale tanurini, aliyaona yote. Punda ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na mama yake. Moyo ulimuuma, hasira zikampanda, lakini mwenye miguu kama njiti za kiberiti atampigaje Kiboko? Akaenda bwawani kwa heshima zote.

"Shikamoo, tajiri. Ninayo dawa ya uchovu. Anayeinywa huamka mpya."

Kiboko aliuliza jambo moja tu, kama wakishainywa kazi itaendelea. Digidigi akamhakikishia kwamba wataifanya vizuri kuliko jana. Kiboko akafurahi, akawaita wote.

Chungu kikaletwa, lakini hakuna aliyesogea. Mnajua desturi yetu: anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako, uone hakina sumu. Wote wakamtazama Kiboko. Kiboko akalipanua lile domo lake, na hapo Digidigi akakifunika chungu.

"Samahani, tajiri. Hii ni dawa ya mwili uliochoka. Akiinywa aliyepumzika, tumbo linapasuka."

Kurudi nyuma mbele ya wafanyakazi ilikuwa aibu. Isitoshe, Kiboko aliamini kubeba matofali ni kazi ya kitoto. Akatoka majini, akabebeshwa mzigo wa Punda. Safari ya kwanza alitabasamu. Ya pili alivuta pumzi ndefu. Ya tatu jua likamkausha ngozi, akadondoka kifudifudi.

"Dawa," akanong'ona. "Nileteeni dawa."

Digidigi akamnywesha, kisha akamwambia mwiko wake: akishainywa lazima alale kivulini mpaka jua lipoe, la sivyo haimsaidii. Kiboko alikuwa ameshaanza kukoroma.

Jioni akaamka mwepesi, anashangaa mwenyewe. Akatangaza kwa sauti kubwa kwamba tangu azaliwe hajaona dawa kama ile, na kwamba kuanzia kesho kila mtu atainywa kila siku na kuushika mwiko wake. Atakayeibeza atamtambua yeye ni nani.

Kesho yake, jua lilipokuwa kali, wote wakanywa, wakalala. Tanuri kimya, kinu kimya, Punda anakoroma kivulini. Kiboko akamwita Digidigi bwawani, akamuuliza kwa sauti ya chini kilichomo chunguni.

"Maji na ndimu, tajiri."

Kiboko akajizamisha hadi puani. Angesema ametapeliwa, ingembidi pia akiri kwamba safari tatu tu zilimwangusha, na Punda hubeba mizigo hiyo kutwa nzima.

"Basi," akasema, "usimwambie mtu."

Ndiyo hivyo, wanangu: anayeagiza kazi bila kuionja hajui kwamba kupumzika nako ni dawa.